Sauti ya Mwongozo

Wiki ile ile tuliyomzika dada yangu, mumewe alirudi kazini kurekodi kwaya. Watu waliokuwa bado wamekaa kwenye viti vya kukodi uani kwa Mama walimwona akipita na begi la nyaya begani. Aliwaamkia mmoja mmoja, akatoka getini. Shangazi yetu akasema huyu ana moyo wa jiwe. Mwingine akasema mwacheni, kila mtu na namna yake. Mimi sikusema kitu, kwa sababu nami nilikuwa nimeshaanza kufikiria mzigo wa cheni na plagi za pikipiki uliokuwa unanisubiri dukani kwangu, na nilikuwa naona aibu kuufikiria.

Huyo mume wa dada mimi namwita Shemeji, lakini mtaa mzima unamwita Kimya. Msidhani ni mpole. Ukimkuta kwa kinyozi anapiga soga mpaka kinyozi anasahau kichwa cha mteja katikati. Jina alilipata kazini. Ni mwanamuziki wa roki na prodyuza, ana studio nyuma ya nyumba ya muuza magodoro, na kila anapotaka kurekodi hutoka mlangoni, akashika kiuno, akapaza sauti "Kimya!" kwa majirani wote, kuku na watoto wakiwemo. Watoto ndio walioanza kumwita hivyo. Mwanzoni alinuna, kisha akazoea, mwisho akaliandika kwenye kibao cha studio.

Siku ya kurudisha viti, Mama alimwita jikoni. Nilikuwepo, nakausha vikombe.

"Baba, nimesikia wanayosema huko nje," Mama alimwambia. "Wewe fanya kazi yako, mimi sina neno. Ila ile albamu naitaka."

"Ipi, Mama?"

"Hiyo mliyokuwa mnaifanya. Aliniahidi kwamba hii nitaisikiliza mpaka mwisho."

Hapo panahitaji maelezo. Bendi yetu, ya Kimya, Dada na mimi, ilikuwa imetoa albamu kadhaa, na Mama hakuwahi kuvumilia wimbo wetu hata mmoja ukafika mwisho. Gitaa likianza tu kukwaruza anasimama, anajitafutia kazi uani, anasema, "Mkishamaliza kupigana humo ndani mniite." Dada alikuwa akicheka mpaka anajishika mbavu. Lakini nadhani lilimkaa rohoni, maana mwaka wake wa mwisho alitunga nyimbo za taratibu, karibu na mazungumzo, akamwambia Mama waziwazi kwamba hizi nimekutungia wewe, safari hii usinikimbie.

"Utaisikia, Mama," Kimya akajibu. "Nipe muda kidogo niisafishe."

Alisema hivyo kwa sauti ya fundi anayemwambia mteja suruali itakuwa tayari. Hakuna aliyemtilia shaka.

Sasa, kabla hamjamhukumu kama shangazi yangu, nieleze alifikaje hapo.

Kimya alilelewa katika nyumba isiyo na hata redio. Baba yake alikuwa karani wa mahakama, akirudi nyumbani hataki kusikia hata kijiko kinagonga kikombe. Gitaa alilikuta stoo ya shule, lina nyuzi nne badala ya sita, na akajifunza hivyo hivyo. Mpaka leo, japo ana magitaa ya kila aina, ukimtazama utaona vidole vinazikwepa nyuzi mbili za chini, kama mtu anayeruka ngazi mbovu ya kwao. Watu wa muziki wanasema hiyo ndiyo sauti yake ya pekee. Yeye anasema ni umaskini wa shule tu.

Alipomaliza masomo aliingia bendi ya hoteli. Kazi yenyewe ilikuwa kupiga nyimbo za watu wengine wakati wageni wanakula, na meneja alikuwa na agizo moja: pigeni, lakini msisikike. Kimya alilivumilia agizo hilo muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha mchana mmoja, kwenye sherehe ya kampuni fulani, alifungulia amplifaya mpaka mwisho akapiga wimbo wake mwenyewe. Glasi zilitetemeka mezani. Hivyo ndivyo alivyomwaga unga. Mwimbaji wa bendi ile alikuwa dada yangu. Alivua shela ya sare, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kaunta, akamfuata nje. Meneja akamuuliza na wewe vipi, amekufukuza nani? Dada akamwambia, "Nimesikia kitu, naenda kukisikiliza."

Waliooana wengine wana hadithi za maua. Wao walikuwa na hiyo.

Bendi ikawa ya watu wanne: Kimya kwenye gitaa, Dada kwenye sauti, mimi kwenye dramu, na kwenye besi Mwalimu, ambaye ni mwalimu kweli, anafundisha jiografia. Mimi niliingizwa kwa sababu nilikuwa ndugu na kwa sababu nilikuwa nimeshaharibu mito yote ya makochi ya Mama kwa vijiti. Hatukuwa na kampuni wala meneja. Tulipopeleka wimbo wa kwanza redioni, mtangazaji, kijana mstaarabu, akaturudishia akisema wimbo ni mzuri ila bahati mbaya rekodi imeharibika, gitaa linakwaruza. Kimya akamwambia, "Ndugu yangu, hilo ndilo gitaa."

Studio nazo zilikuwa zinatukataa au zinatulainisha, tunatoka humo tunasikika kama bendi ya hoteli. Ndipo Kimya akaamua kurekodi mwenyewe. Alipata stoo ya muuza magodoro, chumba kirefu chembamba chenye dirisha moja, na magodoro mabovu yasiyouzika yakiwa bado yameegemezwa ukutani. Mwenye nyumba alitaka kuyaondoa, Kimya akamsihi ayaache. Kumbe godoro bovu linameza kelele kuliko kitu chochote. Tatizo lilikuwa jirani: fundi wa mageti na madirisha ya chuma, ambaye msumeno wake wa kukatia vyuma ungeweza kumwamsha hata kiziwi. Wakaelewana. Kimya akiweka ndoo nyekundu juu ya ukuta, fundi anapumzika. Fundi akiweka kinyago chake cha kuchomelea, sisi tunapumzika. Albamu zetu zote zilirekodiwa kati ya geti na geti.

Hatukutajirika, na sitatia chumvi kwamba tulikuwa maarufu. Tulikuwa na wapenzi wachache, wa aina ya mtu anayekusimamisha sokoni akakuimbia mstari wako mwenyewe, tena kaukosea. Lakini watu walianza kugundua kwamba rekodi za Kimya ni safi. Kila chombo kimekaa peke yake, unaweza kukinyooshea kidole. Basi wakaja: kwaya, matangazo ya rangi za nyumba, wanafunzi wenye bendi zao za kelele, waimbaji wachanga wa kuvaa miwani ya jua chumbani. Roki ilimpa jina, kwaya zikamfanya prodyuza.

Usafi ukawa dini yake. Anaweza kukaa asubuhi nzima anafuta mkwaruzo wa kiti ambao hakuna binadamu angeusikia. Na kufuta huko kulikuwa na chanzo. Mnapaswa kujua kwamba bendi inaporekodi, dramu hutangulia. Mpiga dramu hawezi kupiga hewani hivi hivi, kwa hiyo mtu anamwimbia kwenye hedifoni, anaimba ovyo ovyo tu, ilimradi ajue ubeti umefika wapi. Hiyo inaitwa sauti ya mwongozo. Baadaye vyombo vyote vikishawekwa, mwimbaji anaingia peke yake, mlango unafungwa, godoro linasukumwa mlangoni, anaimba sauti ya kweli, na ile ya mwongozo inafutwa.

Mwaka mmoja Kimya alisahau kuifuta. Kwaya ikapata wimbo wake redioni, waumini wakakusanyika kuusikiliza, na katikati ya kiitikio kitakatifu ikasikika sauti ya kiongozi wa kwaya akisema, "Nyinyi wa sauti ya kwanza mmelala, na wewe acha kutafuna." Kiongozi yule hakuja tena. Mtaa ulicheka msimu mzima. Kuanzia hapo Kimya akajiwekea utaratibu: gitaa na besi zikishakamilika, jambo la kwanza anafuta sauti zote za mwongozo, kisha anahifadhi kazi, kisha anaifanyia nakala juu ya ile nakala ya zamani. Alikuwa akifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyozima taa akitoka chumbani. Mwenyewe aliuita kufagia.

Sasa turudi kwa Dada. Siku hizo alikuwa anafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno. Nyimbo alizitunga kichwani, akifua, akingoja wagonjwa. Hakuandika wala hakujirekodi kwenye simu. Alisema wimbo ukisahaulika ulistahili. Tulifanya mazoezi, tukaingia studio, tukarekodi dramu za nyimbo zote yeye akituimbia mwongozo. Alikuwa na mafua, sauti imekwaruza, anapenga kati ya beti. Kimya akasema hakuna haraka, mafua yakiisha utaimba sauti za kweli. Mafua yaliisha. Kisha kukaja tangazo la rangi, kisha mimi nikasafiri kufuata mzigo, kisha Kimya na Mwalimu wakawa wanamalizia magitaa.

Asubuhi moja, kliniki, alikuwa anamwambia mgonjwa akae kwenye benchi asubiri jina lake. Mshipa wa kichwani ulipasuka. Daktari wa meno alitoka mbio na glavu zake. Dada alipofikishwa hospitali alikuwa ameshakata roho.

Nimejaribu kueleza watu jinsi tulivyokuwa baada ya hapo na sijaweza. Kliniki ile ile walishawahi kunichoma sindano ya ganzi wakining'oa jino. Unaligusa shavu, unajua ni lako, lakini ni kama unagusa shavu la mtu aliyekaa jirani. Basi ndivyo. Nilibeba jeneza, nilishukuru watu, nilikula nilipopewa. Kimya vivyo hivyo. Hatukulia, na hatukuwa tumejikaza kisabuni. Machozi hayakuja tu.

Siku iliyofuata baada ya Mama kuiomba albamu, tulikwenda studio mimi na yeye, mchana. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Sauti za kweli hatunazo, sawa. Lakini sauti za mwongozo zipo, za mafua, za kukwaruza, atazisafisha, zitatosha. Mama hatafuti usafi. Aliwasha kompyuta, akafungua wimbo wa kwanza. Dramu zikaanza. Besi ikaingia. Gitaa likaingia. Tukangoja mahali ambapo sauti inaingia.

Pakapita.

Kimya aliusimamisha wimbo, akautazama ukurasa ule wa rangi rangi kwenye kioo. Akafungua wimbo wa pili. Wa tatu. Mimi nilidhani kompyuta imekwama.

"Nimefagia," alisema.

"Umefagia nini?"

"Sauti za mwongozo. Nimezifuta."

"Lini?"

"Siku ile ya kwaya, wiki ya msiba. Nilihitaji nafasi kwenye kompyuta. Nikaona magitaa yamekamilika, nikafagia, nikahifadhi."

"Na nakala?"

Alikuwa ameshachomeka diski ya nakala na alikuwa anaitazama. Ilikuwa safi kama kompyuta yenyewe. Juu yake kulikuwa na kwaya nzima.

Ningependa kusema nilimkunja shati. Ingekuwa hadithi nzuri zaidi. Nilikwenda dukani nikanunua soda mbili, nikarudi, tukanywa. Nilikumbuka kwamba nilipaswa kuhisi kitu. Nje fundi wa mageti alikuwa anakata chuma, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeweka ndoo. Baada ya muda Kimya akasema, "Shemeji, sikuwa nafikiri. Mikono ilikuwa inafanya kazi tu." Nikamwambia najua. Nilikuwa najua kweli, kwa sababu wiki hiyo hiyo ya kwaya mimi nilikuwa nimemuuzia mtu breki za pikipiki ya aina nyingine, na nikamfungia vizuri kabisa.

Tulimpelekea kompyuta mtaalamu wa kufufua vitu vilivyofutwa. Alikaa nayo, akairudisha akitikisa kichwa. Kilichoandikiwa juu hakifufuki.

Mama akawa anapiga simu. "Imefika wapi?" Kimya anamjibu, "Bado tunasafisha, Mama." Akishakata simu anaendelea kukunja nyaya. Kukunja nyaya ndiyo kazi aliyobaki nayo: anakunja, anafungua, anakunja upya. Kwaya zikija anazirekodi, vizuri kama kawaida, anasema "Kimya!" mlangoni, anarudi ndani. Mwalimu wa besi, ambaye ni mtu mwema lakini akili zake wakati mwingine ni za ramani, akaleta pendekezo. Kuna binti anaimba harusini, sauti inashabihiana na ya marehemu kama pacha. Mama ni mtu mzima, masikio si yale. Tukimpa binti maneno tunayoyakumbuka...

"Siyo," Kimya akasema.

"Hujanisikiliza mpaka mwisho."

"Nimekusikiliza. Siyo yeye."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Mimi ndiye niliyewaka siku hiyo, sijui moto ulitoka wapi. Nilimwambia, "Ukimwambia mama yangu 'bado tunasafisha' mara nyingine, nitakwenda kumwambia mimi. Anakaa sebuleni na simu mapajani! Unasafisha nini? Kuna nini cha kusafisha?" Alinitazama kama mtu anayetafuta jibu la swali la kawaida. Akasema, "Dramu."

Na ni kweli, alikuwa anasafisha dramu. Hakuwa na kingine cha kufanya na nyimbo zile, basi akawa anazisafisha dramu zangu, pigo kwa pigo, anaondoa vumbi lililo kati ya pigo na pigo. Dramu zinarekodiwa kwa maiki nyingi, kila ngoma na yake, na mbili zinaning'inia juu ili zishike zile sahani za shaba zinazogongwa na chumba chote. Akafika kwenye hizo mbili za juu. Nilikuwa dukani na mteja aliponipigia.

"Shemeji, njoo."

"Nina mtu hapa."

"Funga duka, njoo."

Nilipofika alinivika hedifoni. Nikajisikia mwenyewe napiga dramu. Kelele za sahani zimejaa masikio. Nikamtazama, vipi? Akanionyesha kwa kidole nisubiri. Na hapo nikasikia chini ya zile sahani, mbali, kama mtu anayeimba nyumba ya pili mvua ikinyesha juu ya mabati. Alikuwa anaimba na anapenga.

Kwa kawaida anayeimba mwongozo anakaa koridoni, mlango umefungwa, ili sauti yake isivujie kwenye maiki za dramu. Ni sheria ya Kimya, hajawahi kuilegeza kwa mtu. Lakini siku zile Dada alikuwa na mafua na koridoni kuna upepo. Alikuja na mto wake na shuka, akajikunja sakafuni pembeni ya dramu zangu. Kimya akamwambia utavuja. Dada akamwambia, "Acha nivuje. Sikai koridoni kama nasubiri kung'olewa jino, hayo nayaona kutwa kazini." Wakavutana kidogo, Kimya akasalimu amri, akawa na uso wa mtu aliyelazimishwa kuvaa shati chafu. Nilikuwa nimeisahau kabisa siku hiyo. Niliikumbuka pale, na hedifoni kichwani.

Kwa siku kadhaa alijaribu kumtoa. Haikuwezekana. Maiki ni ile ile, ukimwongeza yeye unaniongeza mimi, ukinipunguza mimi unampunguza yeye. Kuna mashine za kutenganisha, alizijaribu, zikamtoa Dada akiwa kama mtu anayeimba ndani ya tangi la maji. Kimya akazima. Akasema atampeleka Mama asikie hivyo hivyo, na kwamba atamwambia yeye mwenyewe, nisimtangulie.

Mama hakuwa amewahi kuingia studio ile. Alivaa viatu vya safari, akaingia akichungulia magodoro, akauliza, "Mnalala humu?" Kimya akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, kile cha kuzunguka. Yeye akachuchumaa mbele yake, kwa sababu hakuna kiti kingine, mimi nikaegemea mlango.

"Mama, albamu nimeifuta mimi," alisema. "Sauti yake. Kwa mkono wangu."

Mama aliuweka mkoba mapajani. Kisha akauliza, "Kwa makusudi?"

"Hapana."

"Ulikuwa umekasirika?"

"Hapana, Mama. Ndivyo ninavyofanya kazi. Nikimaliza, nafuta."

Mama alimtazama kwa muda, mkono umelala kwenye mkoba. Nilimwona Kimya anangoja. Nadhani alikuwa anataka kutukanwa, labda kupigwa kabisa, apate kuhisi pigo limetua wapi. Mama akasema tu, "Haya. Nipe kilichobaki."

Kimya akafungua zile maiki mbili za juu, spika zote mbili. Dramu zikakijaza chumba. Mama akakunja uso, uso ule ule wa siku zote, nikadhani sasa hivi anasimama kwenda kutafuta kazi uani. Hakusimama. Aliinamisha kichwa upande.

"Yuko wapi?"

"Nyuma, Mama. Sikiliza nyuma."

Akamsikia. Niliona amemsikia kwa sababu mkono uliacha mkoba. Akasikiliza ubeti mzima hivyo, kainama, kama anayesikiliza mlangoni.

"Hebu punguza hizi kelele."

Kimya akapunguza.

"Mbona umempunguza na yeye?"

"Wako pamoja, Mama. Hawaachani."

Mama akapunga mkono kuelekea spika, kama anavyofukuza kuku. "Mwambie huyo mpiga ngoma anyamaze kidogo, nimsikie mwanangu."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, karibu ya kumgusa bega. Kimya alinitazama. Mimi nilitazama magodoro. Hakuna aliyemwambia Mama kwamba mpiga ngoma naye ni mwanawe, na nadhani hakuwa amesahau. Alikuwa anasikiliza upande mmoja tu.

Tukaenda hivyo, wimbo kwa wimbo. Yeye ameinama, dramu zangu zinapiga. Nilizichukia. Ukiacha ule moto wa siku moja, kwa mara ya kwanza tangu kliniki nilihisi kitu, na kilikuwa ni hicho, chuki ya mikono yangu mwenyewe, nikaipokea kama mgeni.

Kwenye wimbo wa nne au wa tano Kimya alifungua rekodi ambayo hatukuitumia. Sidhani alikusudia, zilikuwa zimepangwa pamoja. Humo nilipiga nusu, kijiti kikaniteleza, kikaanguka, nikaacha. Dada hakugundua. Alikuwa amefumba macho na mafua yake, akaendelea peke yake, chumba kikiwa kitupu, sauti imekwaruza lakini kila neno linasikika, "chai ikipoa usiimwage, naja kuinywa hivyo hivyo," kisha akashtuka, akasema, "We! Umelala?" na akacheka. Ikasikika sauti ya Kimya kutoka mbali, "Tunarudia." Ikakatika.

Mama alikuwa ameinua mkono hewani.

"Hapo," alisema. "Rudisha hapo."

Kimya akarudisha. Akarudisha tena. Uso wake ulikuwa umelowa na sidhani alijua, maana hakujifuta, aliendelea tu kubonyeza. Mama akamuuliza kama kuna pengine palipo hivyo, pasipo na ngoma. Akatafuta. Akatafuta kwenye nyimbo zote. Palikuwa mahali pamoja tu, nilipochelewa kuingia mwishoni mwa wimbo, nao ulikuwa mstari nusu. Pengine pote nilikuwa nimepiga bila kukosea, mwanzo mpaka mwisho.

Mama akazungusha kile kiti mpaka akanielekea. Hakuwa na hasira hata kidogo. Aliuliza kama anavyouliza mtu asiyejua mambo ya kazi yetu na anataka kuelewa.

"Kwa nini hukukosea zaidi?"

"Nilikuwa nimefanya mazoezi, Mama."

"Ndiyo," alisema. "Wewe ulikuwa na bidii tangu mdogo."

Akageuka akamwambia Kimya arudishe.